Mchumba Asiyejua Kukataa

Shangazi yangu hakuwahi kuolewa, lakini alikuwa na maoni mengi juu ya ndoa kuliko padri wetu, ambaye naye hakuwahi kuoa. Aliuza samaki wa Kapolowe sokoni Likasi, na wanaume aliwakagua kama samaki: alianza kwa kufunua mashavu.

Mchumba wangu alikuwa fundi umeme kwenye machimbo ya Kakanda, mtu mpole, nadhifu, anayetabasamu kabla hujamaliza kusema. Siku nilipomleta nyumbani, baba alimpenda kwa sababu alikubali kwamba timu ya baba ndiyo bora. Kaka yangu, shabiki wa wapinzani, alimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Shangazi yeye aliingia jikoni. Alituandalia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na chumvi hata punje. Sote tulionja tukasita. Mchumba wangu alimaliza sahani.

"Tantine, sombe iko mutamu sana."

"Nikuongezee?"

"Ndiyo, tantine."

Alipoondoka, shangazi alinivuta jikoni. "Umemuona?"

"Niliona muntu wa heshima."

"Minye niliona muntu mwenye hakatalake kitu. Sasa mwanamuke mwingine akimuita, atamukatalia na kinywa gani?"

Nilimcheka. Lakini shaka ni kama moshi wa makaa: unafungua dirisha ukidhani umetoka, kumbe umebaki kwenye nguo. Nikaanza kumpima mwenyewe. Nilimwambia tukishaoana tukae Likasi, akakubali. Siku nyingine nikasema vumbi la Likasi limenichosha, afadhali Mulungwishi. Akakubali kwa furaha ile ile, wala hakukumbuka kuuliza kwa nini nimebadili mawazo.

Basi nikapanda taksi hadi kwao Kakanda bila kumwambia. Yeye alikuwa kazini. Nilimkuta mama yake uani akimenya mihogo, naye akanikaribisha kwa uso mkunjufu, akanisogezea kiti.

"Karibu, mwanangu. Weye ni ule wa Likasi, ao ule wa Kapolowe?"

Sijui sauti yangu ilipata wapi utulivu. "Wa Likasi, mama."

Aliweka kisu chini. "Ule mutoto! Tangu mudogo hajaambia muntu 'hapana'. Watu wa kule walimuuliza kama ataoa binti yao, akaitika. Minye nilizani atawaambia kama iko na weye."

Nilimsubiri. Aliporudi na kunikuta nimekaa na mama yake, hakukimbia wala hakudanganya. Alinisalimia, akasimama mbele yangu na kofia yake ya kazi mkononi.

"Yule wa Kapolowe, unamupenda?"

"Ndiyo."

"Na minye?"

"Ndiyo."

"Basi tuachane?"

Alifikiri kidogo, akanitazama kwa upole ule ule ulionivuta kwake.

"Kama weye unaona ni vizuri, ndiyo."

Kwenye taksi ya kurudi nilicheka peke yangu hadi mama aliyekaa kando yangu akavuta kikapu chake karibu. Tulipokaribia Likasi nilikuwa nalia, na yule yule mama akanipa kitambaa.

Nilijiandaa kupokea ushindi wa shangazi. Nilimweleza yote pale mlangoni, haraka, ili aseme "nilikuambia" na tumalize. Hakusema. Aliketi kwenye ngazi, akavua kilemba, akajifutia nacho macho. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Kupitia mlango wa chumba chake niliona gauni jipya la kitenge limetandazwa kitandani, la mikono mipana, ambalo alilishonesha kwa siri kwa ajili ya harusi yangu.

"Minye nilikuwa naomba Mungu nikosee," alisema. "Hata mara moja tu."

Jumapili alilivaa kwenda misa. Wanawake wakamzunguka wakilishika mikono na kuuliza ni la sherehe gani. Aliwajibu kwamba mtu hahitaji bwana-arusi ili avae vizuri, kisha akanishika mkono tukaingia kanisani.