Siku Nilimusemesha Maman Faida

Kuko siku moja yenye inarudiaka mu kichwa yangu kupita zote, mwana wangu, na haiko siku ya ndoa yangu. Siku ya ndoa, tate yako, bwana yangu, alivaa koti ya kuazima, mikono ya koti ilimufika mupaka ku kiwiko tu. Ile nimeicheka miaka yote. Hii ingine sijaichekaka hata mara moja.

Ilikuwa vita ya kwanza, ile ya mwaka wa tisini na sita. Vita ilikuwa inapanda kutokea Kamanyola, kule chini ku kusini, na hapa Bukavu batu balikuwa banafunga mizigo, banafungua, banafunga tena. Miye nilikuwa nauzisha unga ya mihogo ku soko ya Kadutu. Mudogo wangu Bahati alikuwa anajifunza useremala kwa muzee mumoja pale chini ya soko. Papa na maman balikufa sisi bangali badogo, njo maana ule mutoto nilimulea na mugongo yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hakuna mutu alikuwa anacheka sauti zangu kama yeye.

Juu unajua, miye naigaka sauti za batu. Padiri mwenye mafua: «Bandugu, hm, bapendwa, hm.» Polisi wa soko: «Maman, toa hapa, toa, toa, weye njo unaziba inchi yote.» Hata weye, vile unasemaka mu simu na ule kijana: «Chéri, réseau iko mubaya.» Usinitazame vile. Sikusoma, lakini masikio yangu hailalake.

Ku soko tulikuwa tunakaa mbavu kwa mbavu na Maman Faida, muuzisha sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama sufuria yenye kusuguliwa na muchanga, na kila kitu alikuwa anaimaliza na «mimi nabaambia, bana yangu». Siku moja alishuka Kamanyola kufata muchele. Benye vita balimuua mu barabara. Mwili haikurudi, ilirudi paka kitenge yake tu.

Matanga yake ilikuwa nzito. Kwetu, kama kilio imezidi, mutu mwenye alizoea kutaniana na marehemu anavaa nguo yake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, ili benye kulia bapumue kidogo. Balinipa kitenge. Nikaingia na ile kutembea yake ya bata, nikasema: «Munalia nini? Sambaza yangu inaoza kule, hakuna hata mumoja anafukuza nzi. Mimi nabaambia, bana yangu.» Maman yake muzazi, muzee Nabintu, alicheka mupaka akashika tumbo, kisha akalia, kisha akanishika mukono. Akasema: «Aksanti, binti. Umenirudishia yeye kidogo.»

Pale ku matanga kulikuwa mwanaume mumoja, Papa Deo. Alikuwa anatembea mu makartie, mitaa yote, anaita bavijana bashuke Kamanyola kufunga barabara. Akanivuta pembeni. «Maman, miye nasema na mikro, batu banasinzia. Weye unasema na mudomo mutupu, batu banalia. Kesho kutwa njoo ku kiwanja, na ile kitenge. Inchi inakuomba.»

Nitakudanganya juu ya nini? Nilifurahi. Nilienda nyumbani nikajitazama mu kioo.

Ku kiwanja batu balijaa mupaka ku mulima. Papa Deo hakuanza na vita. Alivua koti, akakunja mikono ya shimizi, na viatu vyake vilikuwa na matope, lakini siku ile hapa mu muji hakukunyesha. Akasema na sauti ya chini: «Munanijua. Miye mutoto wa Kadutu. Maman yangu aliuzishaka makala pale penye ule maman anakaa.» Ule maman akapiga vigelegele, na mbele ya ile siku hakumuonaka ule mutu. Basi, akakuwa mutoto wetu.

Kisha akaleta hesabu, na kidole juu, kama mwalimu. «Barabara ya kutokea Kamanyola iko ngapi? Moja. Sisi tuko ngapi? Muhesabu benyewe. Batu mia bakifunga barabara moja, nani atapita?» Batu bakajibu: «Hakuna.» Ilikuwa hesabu ya muzuri. Hakuna mwenye aliuliza bale batu mia bako na nini mu mikono. Miye vilevile sikuuliza.

Kisha akarudi nyuma. Akanionyesha na mukono.

Nikapanda na kitenge. Nikaanza kumutembeza Maman Faida, batu bakacheka, balimujua. Nilipoona bamefunguka, nikageuza. Papa Deo alinifundisha maneno: «Nimelala mu barabara, bana yangu. Mawe iko chini ya mugongo yangu. Nani atakuja kuniokota? Mimi nabaambia, bana yangu, hakuna mwanaume tena Bukavu?»

Kucheka ikaisha. Kisha bavijana bakaanza kusimama. Moja, mbili, mustari muzima. Na miye, mwana wangu, ile kusimama ilinipa utamu. Nikaongeza. Nikalia na sauti yake kabisa. Njo nikaona Bahati amesimama, machozi iko inamushuka.

Alijua iko miye. Alikuwa anaona uso yangu, yaya yake, dada yake mukubwa mwenye alimupikia bugali asubuhi. Lakini alisimama.

Niliposhuka, muzee Nabintu alikuwa ananingojea pa njia. Hakupaza sauti. «Ku matanga ulimuleta mutoto wangu atupoze. Hapa ulimuleta aombe bana ba bengine. Faida alikuwa anafukuza bavijana bakikaribia bunduki. Weye unajua ile. Vua kitenge ya mutoto wangu.»

Nikavua pale pale, mbele ya batu.

Nyumbani nikamwambia Bahati: «Huendi.»

«Yaya, weye mwenyewe ulituita.»

«Iko Maman Faida njo aliita. Miye nilikuwa naiga. Hata maneno haikuwa yake, ilikuwa ya Papa Deo.»

«Najua. Lakini wenzangu bote balisimama. Nikae miye peke yangu?»

Nikafungua mudomo kumujibu. Sauti za batu makumi mbili zilikuwa mu koo yangu. Yangu mwenyewe ilikuwa kama ya mutu mwenye anauliza njia.

Kesho yake asubuhi kamio, lori ya kubeba batu, ilisimama chini ya soko. Bavijana balipanda na mapanga na fimbo, mumoja alikuwa na nyundo. Nikakimbia nikashika mukono ya Bahati, na juu sikujua kingine, nikasema na sauti ya maman yetu: «Bahati, mutoto wa tumbo yangu, shuka.» Wenzake bakacheka. Yeye vilevile akacheka. «Yaya, usinichekeshe leo, tafazali.» Akatoa mukono yake mu yangu, pole pole, bila hasira.

Barabara haikufungwa. Balirudi batatu, na Bahati haiko kati yao. Mumoja akaniambia balifika ku milima ya Ngomo, kisha akatazama chini. Papa Deo hakupanda kamio. Ile wiki bana bake balikuwa tayari mu mashua ya kwenda Kalehe, mbali na vita.

Mujukuu wangu mwenye anasoma ku université ananiambia kama bazungu bako na majina ya ile mambo: mutu anajionyesha iko wa kuaminika, anakuletea hesabu, anakushika roho. Majina siyajui. Sura zao nazijua, na ile ya tatu ilivaa uso yangu.

Sasa sikia. Mutu akisema mbele yenu na ukasikia miguu yako inasimama yenyewe, kaa kwanza. Uliza bana bake yeye bako wapi leo. Uliza hesabu yake imeacha nini nje. Usiseme «miye ninajua iko maneno tu», Bahati alijua. Na kama weye njo Mungu alikupa mudomo, chekesha batu, poza benye kulia, sema hata na mikro. Lakini mufu usimuombeshe kitu. Haweze kukataa.

Mungu akulinde na makofi ya batu, mwana wangu. Aweke mu mudomo yako paka maneno tu yenye utaweza kuisema tena, na sauti yako mwenyewe, mbele ya maman wa mutu. Enda na amani.