Jani la Mgomba Chini ya Difu

Nikipita gereji na kunusa oili nzito ya gia, narudi kimawazo barabara ya Muleba, kwenye lori la kijiji cha ujamaa lililompeleka shangazi kuolewa Kanazi. Kila tulipokata kona, kitu kiligonga mbele: ko, ko, ko. Baba, aliyekuwa dereva, akasimamisha. Kama difu, zile gia zinazozungusha magurudumu, ilikuwa imekufa, arusi ingelala njiani.

Alikata jani la mgomba, akalikunja kama bakuli, akamkabidhi bibi arusi alikinge chini ya difu ya mbele.

“Waitu kaka, wenzangu hushika maua!” shangazi alilalamika, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

Baba akalegeza nati, oili nyeusi ikachuruzika kidogo. Akaisugua kati ya vidole, akitafuta chembe za chuma, dalili ya gia kusagika.

“Haina chuma,” alisema. “Difu nzima, ni jointi ya ekseli. Tutafika, ila itagonga kila kona.”

Basi wanawake waliokaa nyuma wakakubaliana: lori likigonga, wao vigelegele.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na bado hukagua kila kitu mara tatu, kama baba alivyokagua ile oili. Lakini gari likigonga konani, kwanza hungoja vigelegele.