Mtandao wa Chumba cha Nyuma

Mwashi mstaafu aliingia duka la vifaa vya mtandao, akasimama mbele ya meza kama aliyeitwa kujibu kesi.

"Shikamoo, baba," alisema fundi, mama mmoja mnene, mwingi wa vicheko.

"Marahaba. Nataka mtandao ufike chumba cha nyuma. Sebuleni upo. Ukivuka mlango, kwisha."

"Kuta za nini?"

"Mawe. Nilijenga mwenyewe."

"Basi ulijenga gereza, baba! Mwizi haingii, na mtandao nao hauingii."

Mzee hakucheka. Fundi akashusha vifaa viwili. Kimoja cha kuchomeka kwenye soketi; hudaka mtandao hewani na kuurusha mbele.

"Ila kama kule hakuna cha kudaka, kitarusha nini? Ni kupokezana ndoo tupu."

Cha pili kilikuwa bapa, cheupe, mfano wa sahani. Hicho ni kisambazaji. Huletewa mtandao kwa waya kutoka kwenye ruta ya sebuleni, kikaumwaga chumbani.

"Kwa mawe yako, hiki. Lakini ukuta utatobolewa."

"Toboa."

"Nani analala huko?"

"Mke wangu. Alikuwa analala. Tumemzika."

Kicheko kilimkauka fundi. "Pole, baba. Sasa huko nani anataka mtandao?"

"Binti yetu."

Kitinda mimba wao alikuwa ng'ambo. Mama alipougua, mwenyewe ndiye aliyeamuru: msimtie mtoto hofu. Basi mzee akawa anajibu, mama hajambo, mama amelala. Siku roho inaaga, binti akapiga simu ya video. Mzee alitoka nayo sebuleni mbio. Mlangoni ikakata. Akarudi sebuleni, ikaita. Akaenda, ikakata. Mgonjwa hakuwa wa kubebwa tena. Alipofika kitandani mara ya mwisho, hakukuwa na wa kuonyeshwa.

"Ulinikatia makusudi," binti alimwambia kwa simu siku ya mazishi. "Kama ulivyonificha ugonjwa."

Tangu hapo hakupokea simu ya baba yake. Kaka yake alimbembeleza mpaka ulimi ukaota sugu, ndipo akakubali: mara moja tu, Jumapili. Aonyeshwe alipolala mama, basi. Hadithi za mtandao hataki kuzisikia.

Fundi alikuja Jumamosi na keekee yake, akautoboa ukuta. Mzee alikifunika kitanda kisipate vumbi. Fundi alishauri kifaa kikae koridoni, kihudumie nyumba nzima.

"Hapana. Juu ya kitanda."

Jumapili mzee alivuka mlango, simu mkononi. Picha haikutikisika.

"Ndipo hapo?" binti aliuliza.

"Ndipo, mwanangu. Alikuwa ameelekea dirishani."

Binti akalia. Kisha akasema, "Mbona mtandao upo?"

Mzee aligutuka. Katika kuhangaika kote, hilo halikumpitia akilini.

"Nimeweka jana. Kifaa. Kile pale juu, tazama."

"Jana! Mama yuko udongoni, ndiyo unaweka jana?"

"Siku ile hakikuwepo. Naapa."

"Umeniambia mangapi, baba? Mama hajambo. Mama amelala."

Mzee alipanda kitandani na viatu vyake, akaushika waya wa kile kifaa, akauchomoa.

Simu ikakata.

Alisimama juu ya godoro. Alikuwa amepewa mara moja tu, nayo ameichomoa kwa mkono wake. Akashuka, akarudi sebuleni akiushika ukuta. Kabla hajakaa, simu ikaita.

"Baba. Usirudishe waya. Nenda tena, nione."

Akaenda. Mlangoni ikakata. Akarudi, ikaita. Akaenda, ikakata. Akarudi, anahema, na safari hii ilichelewa kuita. Ilipoita, uso wa binti ulikuwa umelowa.

"Ulikuwa unakwenda na kurudi hivi?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Muda wote?"

"Muda wote, mwanangu."

Sasa alimwamini. Mzee aliliona hilo machoni mwake, na aliona linalofuata likija, wala hakuwa na ukuta wa kulizuia.

"Kwa hiyo mama alikuwa peke yake."

"Peke yake," alisema mzee.