Turubai la Malaba kwenye Mashua ya Baba

Tanga lile lilitugharimu shilingi elfu kumi na nne, mbuzi jike mwenye mimba, na vikombe sita vya chai tulivyolipia sisi ilhali tuliokunywa tulikuwa watatu. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi nimemhesabu kama mmoja tu, kwa sababu sitaki mniite mtu wa kuongeza chumvi.

Mwezi jana nilikuwa Malaba, mpakani, kufuata mzigo wangu wa vitenge, na dereva mmoja akakunjua turubai la lori lake juani. Harufu ikanipiga usoni: nta, dizeli, vumbi la mahindi, na kitu kingine nyuma yake kama mkojo wa panya. Kuna watu ambao harufu ya zamani huwarudisha jikoni kwa nyanya zao. Mimi bahati yangu ni hiyo ya turubai. Hunirudisha kwa Baba Mkubwa.

Kwetu ni Osieko, ufukweni kabisa mwa ziwa. Baba alikuwa na mashua moja yenye kazi mbili. Mwaka mzima ilibeba wafanyabiashara na mizigo yao kwenda visiwani na kurudi, dagaa tuwaitao omena, makaa, sufuria, magodoro. Halafu siku moja tu, ile ya kufuata Krismasi, ilishindana na mashua nyingine za ufuo wetu. Msidhani ulikuwa mchezo. Watu wa ufuo walikuwa wamekubaliana kwamba mashua itakayotangulia siku hiyo ndiyo itakayopakia ya kwanza kila asubuhi, mwaka mzima unaofuata. Anayepakia kwanza huchukua mizigo ya maana. Anayepakia mwisho hubeba kuku wawili na salamu.

Kwa hiyo tanga letu lilitakiwa kuwa gumu la kuvumilia safari za mwaka mzima, na tena jepesi la kukimbia siku moja. Lile la zamani lilikuwa la marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, na Mama alikuwa amelitia viraka mpaka viraka vyenyewe vikatiwa viraka. Mwaka ule lilipasuka katikati. Mama, ambaye pesa zilikuwa zake, za kuanika omena, alisema mara moja tu: nendeni Busia mjini, kwa yule mwenye duka anayewauzia watu wa ziwa, mnunue marekani mpya. Nilikuwa na miaka tisa nikadhani mambo yamekwisha.

Lakini Baba alisema lazima amjulishe kaka yake kwanza. Kwetu mtu hanunui kitu kikubwa bila mkubwa wake kujua. Mila hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu iliyemwangukia.

Baba Mkubwa alikuwa dalali pale Malaba, mtu wa kuwatafutia madereva wa malori hiki na kile. Alivaa koti zito hata jua likiwa la kuchoma, na alikuwa na simu mbili, moja ikiwa haina betri. Ziwani aliwahi kuingia, ndiyo. Siku hiyo alishika ubavu wa mashua kwa mikono yote miwili na kufumba macho tangu tulipoondoka mpaka tulipofika. Huyo ndiye aliyesema marekani ni kitambaa cha maskini, na kwamba tanga la kisasa ni turubai la lori.

Tukaenda Malaba, Baba na mimi. Muuzaji alitandaza turubai la kijani chini, akataja elfu ishirini. Hapo Baba Mkubwa akaamuru lipimwe. Na mjue namna linavyopimwa turubai Malaba. Wapagazi wanne walishika pembe, wakaliinua likabonyea katikati, mtu akamwaga mtungi mzima wa maji humo. Kisha sote tukainama kuchungulia chini, watu wazima na akili zao, tukisubiri tone. Halikudondoka. Kwa kufunika mahindi, jaribio hilo halina kasoro. Kwamba sisi hatukuwa na mahindi, hakuna aliyelitaja.

"Kama maji hayapiti," Baba Mkubwa alisema, "upepo utapitia wapi?"

Wapagazi wakatikisa vichwa kwa heshima. Baba aliinua pembe moja, akaipima mkononi, akaiinua tena.

"Kaka, hili si zito?"

"Uzito ndio mali. Ama unataka nikununulie nguo ya ndani?"

Wapagazi wakacheka. Baba akacheka pia, akairudisha pembe chini polepole. Bei ikashuka kutoka ishirini mpaka kumi na nne kabla chai yangu haijapoa, nami nikamwona Baba Mkubwa kuwa mtu wa ajabu, anayeangusha bei kwa kukohoa tu. Mbuzi alipelekwa baadaye nyumbani kwake, asante ya kuchosha miguu yake.

Mama alilikanyaga tanga jipya kwa kidole cha mguu, akaliviringisha kidogo, akalitazama.

"Mmenunua paa," akasema, akarudi kwenye omena zake.

Siku ya mashindano upepo wa asubuhi ulikuwa mwepesi, wa kupeperusha leso tu. Matanga ya wenzetu, hata moja lililoshonwa kwa magunia ya sukari, yalijaa yakaondoka. Letu liliinuliwa na wanaume wanne, likaning'inia kama blanketi kwenye kamba ya kuanikia. Kutoka ufukweni nilimwona Baba akigeuza mashua huku, akiigeuza kule, akilitafutia upepo. Upepo wa saizi yake haukuwepo.

Halafu mvua ikanyesha. Fundi wa Malaba aliyelishona liwe tanga alikuwa ameacha pindo pana lililokunjwa kwa chini, kama wanavyoyashona ya malori, na pindo likajaa maji. Nimeona watu wengi wakichota maji ndani ya mashua. Ni Baba peke yake niliyemwona akichota maji ndani ya tanga.

"Mama Nafula," mwanamke mmoja muuza samaki akamwita mama yangu kwa jina langu, "mzee wako anavua humo juu?"

Ufuo mzima ukacheka. Baba Mkubwa, aliyekuja na koti lake kushuhudia ushindi, alieleza waliokuwa karibu kwamba upepo wa siku hiyo ulikuwa duni. Kosa likawa la ziwa. Mashua yetu ilipofika, ya mwisho, yeye alikuwa ameshapanda bodaboda zamani.

Tukapakia wa mwisho kila asubuhi. Kabla mwaka haujaisha Baba aliuza mashua, akawa kibarua kwenye mashua ya mtu mwingine, nami nikakaa nyumbani muhula mzima nikianika omena. Turubai tuliliweka juu ya kibanda cha kukaushia samaki. Halikuvuja hata tone.

Nilipokuwa mkubwa na kuanza kuuza vitenge, nikajua kwa nini bei ile ilishuka bila jasho. Bei inayoporomoka haraka hivyo ina mtu aliyekaa ndani yake tangu asubuhi, na amekwisha kula fungu lake kwa muuzaji. Hilo halikuniumiza sana. Dharau yangu kwa Baba Mkubwa ilikuwa imejaa, haikuwa na nafasi ya kuongezwa.

Lililoniumiza nililisikia kwa Mama, baada ya Baba kufariki. Baba alijua kwamba turubai lile ni zito mno. Alijua tangu alipoinua ile pembe mara ya pili. Mama alimuuliza mbona hukusema, naye akamjibu, "Ningesema nini mbele ya wapagazi? Kwamba kaka yangu hajui?" Basi mashua yetu iliuzwa ili koti lile lisipate aibu mbele ya wapagazi wanne. Miaka mingi nimemdharau Baba kidogo kwa ajili hiyo, nikimpenda hivyo hivyo, na nikajiapia kwamba mimi ningesema.

Sasa nimetengenezesha mashua Osieko. Ndugu yangu mdogo ataiendesha, na zamu ya kupakia bado inatafutwa kwa mashindano yale yale. Marekani nimeshaulizia kwenye maduka matatu. Jumanne Baba Mkubwa akanipigia simu. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, na yeye ndiye mkubwa pekee aliyebaki upande wa Baba. Akanipongeza. Akasema amenipatia kitu kutoka kwenye lori, kama kipya, mwenyewe ni mtu wake, nije Jumamosi na pesa mkononi.

Mimi, ambaye wauza vitenge wa ng'ambo ya mpaka wakiniona naingia huanza kukunja bidhaa zao kwa kuogopa bei yangu, nilifungua mdomo kukataa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Sawa, Baba. Nitakuja."

Sasa ninyi mliowahi kumkatalia mkubwa wenu, na bado mnaitwa kwenye vikao vya ukoo na kupewa kiti, niambieni mlisema maneno gani. Nipeni hayo hayo, hata yakiwa makali, nitayajaribu mbele ya kioo. Na kama hakuna aliyeweza, niambieni hilo pia, mapema, kabla ya Jumamosi, ili nijue namna ya kumtazama ndugu yangu.