Nyuki na Muziki wa Vyungu

Nyumbani walimwita Nyuki kwa sababu aliimba midomo imefungwa. Hakuzaliwa na tabia hiyo, nyumba ndiyo iliyomfundisha. Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku kiwandani; alirudi asubuhi macho mekundu, akalala chumba cha mbele mchana kutwa. Alipolala, nyumba nzima ilishika pumzi. Mama yao alikuwa fundi cherehani, lakini cherehani yenyewe haikuguswa mpaka mumewe aage kwenda kazini. Mchana alikaa mlangoni akikunja pindo na kushona vifungo kwa mkono. Nyuki na dada yake waliachiwa chumba cha nyuma, katikati ya mafurushi ya vitambaa vya wateja, wakaambiwa wacheze bila kucheza.

Humo ndani dada mtu alianza kusimulia, mdomo sikioni mwa mdogo wake, habari za mji mmoja ulio chini ya kilima. Malkia wa mji huo aliwaibia watu sauti zao na kuzifungia ndani ya vyungu, na binti mmoja akaenda kuitafuta sauti ya mama yake. Dada alitunga watu, Nyuki akawatungia nyimbo. Wasio na sauti aliwaimbia kwa puani. Malkia hakumtungia kitu, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe akiwa bado na meno ya utotoni, huyo akiingia mahali kila kitu kinaogopa hata kulia. Dada alimkubalia.

Wakakua. Baba alifariki, cherehani ikaanza kulia wakati wowote inaotaka. Nyuki alipata kazi ya kupiga kinanda kwenye ukumbi wa hoteli, pale wageni wanapokula huku wamempa mgongo, na alasiri alifundisha watoto wa watu nyumbani kwake. Dada alifanya kazi gazetini miaka mingi, kisha akauandika ule mji wa chini ya kilima ukawa kitabu. Kitabu kilipendwa kupita walivyotarajia. Watoto walikibeba shuleni mpaka majalada yakachanika. Nyuki alikisoma kwa mkupuo mmoja, akaziona nyimbo zake zimeandikwa humo maneno matupu, bila sauti. Hakuona vibaya. Aliona ni sehemu yake imebaki wazi, inamsubiri.

Kwa hiyo siku dada alipompigia simu kusema kitabu kinatengenezwa filamu, na kwamba amemwambia mwongozaji muziki anao mdogo wake, Nyuki alikaa chini sakafuni na simu mkononi. Aliomba ruhusa hotelini, akawaambia wazazi wa wanafunzi wake wamvumilie.

Alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Alinunua vyungu sokoni, vikubwa kwa vidogo, akavipuliza midomoni kimoja kimoja akinasa pumzi zinavyozunguka ndani. Muuza vyungu alimwuliza kama anapika au anatibu. Alimkalisha mama yao kwenye kochi, akamwekea maikrofoni karibu na kidevu, akamwomba aimbe midomo imefungwa, vile alivyokuwa akiwabembeleza mchana wasije wakamwamsha baba. Mama aliona haya kwanza, akacheka, akakohoa, akadai maji. Halafu akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa uzee, na Nyuki alijua kwamba hiyo ndiyo sauti ambayo binti wa kitabuni anaitafuta. Mama naye, tangu siku hiyo, aliwaambia majirani wote kwamba atakuwemo kwenye filamu.

Chumba cha kuhariri kilikuwa kidogo, na mapazia meusi na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Mwongozaji alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu alizozichezea alipofikiri. Kwa miezi alikuwa akiitazama filamu yake huku ameiwekea muziki wa kuazima, ili kushikilia nafasi tu: ngoma nzito, fidla nyingi, tarumbeta, kwaya ya watu mia wakiimba kwa lugha isiyokuwepo. Alisema ni wa muda, lakini masikio yake yalishauoa.

Mafundi wakamwekea sehemu kubwa kuliko zote, pale binti anapovunja vyungu na sauti za watu kutoka. Kwa muziki wa Nyuki, vyungu vilivunjika, kisha hapakuwa na kitu. Kisha mtu akakohoa. Mzee akamwita mbuzi wake. Mama fulani akamwita mtoto jina, mara ya pili kwa hasira, na mahali pengine mtu akaanza kubishana juu ya bei. Sauti ziliongezeka polepole mpaka pakawa soko zima, na hapo tu, chini kabisa, ndipo muziki ulipoingia.

Mwongozaji alizishika ndevu zake. "Dada yangu, hii ni nzuri," alimwambia Nyuki. "Ni nzuri sana. Ila watu watadhani spika zimeharibika."

Waliokuwemo walicheka, na Nyuki naye akacheka kwa heshima. Kisha wakabishana, kwa adabu kwanza. Mwongozaji alisema hadithi ya maajabu inampeleka mtazamaji nchi asiyoijua, na muziki mkubwa ndio unaomshika mkono na kumwambia amini, hapa mambo ni makubwa kuliko kwako. Nyuki alisema ni kinyume. Jicho limeshaombwa kuamini mambo mengi mno, vyungu vyenye sauti, mji chini ya kilima. Basi angalau sikio liachwe likanyage ardhi. Na Malkia, akasema, mmempigia ngoma utadhani ni timu ya mpira inaingia uwanjani. Malkia asipigiwe chochote. Akiingia, hata sauti ya upepo ife.

Mafundi waligeuza macho kwa dada, aliyekuwa amekaa kando, kwani kitabu ni chake. Dada alikuwa akibandua karatasi ya chupa ya maji, kipande kwa kipande. Alisema angependa kuusikia tena ule muziki wa kuazima.

Ikaamuliwa filamu ionyeshwe kwa majaribio, mara mbili, kila mara na muziki tofauti, kwa watoto wa shule na wazazi wao. Nyuki alikaa pembeni, mahali anapoweza kuziona nyuso. Kwa muziki wake watoto walitulia mwanzoni, kisha wakaanza kugeukiana. Malkia alipoingia kwa kimya, mtoto mmoja alifungua pakiti ya bisi, na ukumbi mzima ukasikia. Vyungu vilipovunjika kuna aliyeuliza kwa sauti kama filamu imekatika. Watu walipiga makofi mwishoni, makofi ya adabu.

Kwa ule muziki mwingine, ngoma ya kwanza tu iliwainua migongo kwenye viti. Malkia alipoingia watoto walijifunika macho kwa vidole na kuchungulia katikati. Vyungu vilipovunjika na kwaya ile kulipuka, mwanamke mmoja aliyekaa mbele ya Nyuki alitoa kitambaa akafuta machozi. Na Nyuki mwenyewe alihisi vinyweleo vya mikono yake vikisimama. Alijisugua kwa hasira mpaka ngozi ikauma, lakini vilikuwa vimeshasimama.

Alimkuta dada yake kwenye ujia wa nje, ameegemea ukuta. Alimwendea akiwa bado na tumaini, kwa sababu ya kile chumba cha nyuma. Alimwomba aseme neno moja tu kwa mwongozaji. Alimkumbusha kwamba wao wawili wanajua mji ule ulisikika vipi. Hapakuwa na ngoma kule, palikuwa na pumzi tu, na ndiyo maana palipendeza.

"Palikupendeza wewe," dada alisema.

Nyuki hakumwelewa.

"Ulikuwa ukiimba mpaka unajisahau. Unapandisha sauti. Baba anaamka, anakuja na mkanda, anauliza ni nani. Nani alikuwa anasema ni yeye?"

Nyuki alijibu, na ilikuwa kweli, kwamba hakumbuki mkanda.

"Huwezi kukumbuka. Haukuwa mgongo wako." Dada hakupaza sauti. "Mimi kile kitabu nilikiandika ili vile vyungu vipasuke. Nilitaka vipasuke kwa kishindo mpaka aliyelala huko aliko azibe masikio. Leo unaniletea tena kunong'ona. Nimenong'ona utoto wangu wote, mdogo wangu. Weka ngoma. Weka tarumbeta. Sijali kama ni za kuazima."

Jambo la kwanza kumjia Nyuki lilikuwa baya, nalo ndilo alilolisema: kwamba basi angemwambia mapema, asingejisumbua. Dada alimtazama kama anayemtazama mtu wa mbali akijaribu kumtambua, akarudi ndani.

Mwongozaji alimtafuta siku chache baadaye. Alisema muziki ameshapewa mtunzi mwingine, mzoefu wa kazi kubwa kubwa, lakini kuna kitu kimoja cha Nyuki ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa: ile sauti ya mama mzee. Walitaka kuitumia mwanzoni, binti anapolala, kabla ya mengine yote kuanza. Hata dada ameomba ibaki. Nyuki alikata kauli palepale. Wachukue kazi zake zote au wasichukue hata moja. Mwongozaji alimsihi afikirie kwanza, naye akamwambia ameshafikiri. Alikuwa na hakika, wakati anayasema hayo, kwamba anailinda heshima ya kitu fulani.

Siku ya uzinduzi mama alishona gauni jipya. Walikaa safu moja, mama katikati, dada huku na Nyuki kule. Filamu ilikwenda, na kila muziki ulipopungua mama aliinamisha kichwa kando, akiisaka sauti yake. Binti alilala kitandani kwake na kinubi kikapigwa. Mama alisubiri. Vyungu vikavunjika, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, watu wakasimama, na mama akabaki amekaa, mkoba mapajani.

Wakiwa wawili kwenye gari mama alimwuliza Nyuki, polepole, kama mtu anayehofia ameuliza ujinga: "Mimi nilikuwa wapi? Nilipitiwa na usingizi?"

Nyuki alimwambia alikuwemo, ila ngoma zilimfunika. Ndivyo wenzake walivyotaka, akasema. Kesho yake mama alimpigia dada mtu kumlaumu, na kwa maelezo ya mama mwenyewe, dada aliomba radhi, akasema ni kweli ngoma zilizidi, kosa lilikuwa lake. Nyuki alisimuliwa hayo akiwa anamchambulia mama mchele. Aliendelea kuchambua. Angeweza kuusema ukweli wakati ule, mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini hakuusema, na kila wiki iliyopita iliufanya uwe mzito zaidi kuunyanyua.

Filamu ilifika mbali. Wimbo wake mkuu, ule wa kwaya isiyo na lugha, ukawa mlio wa simu za watu, ukapigwa kwenye arusi na mahafali. Wazazi waliwaleta watoto kwa Nyuki wakiutaja huo kwanza. Naye huufundisha vizuri, vidole vyake vyote mahali panapostahili, kwa kuwa hajui kufundisha vibaya. Ni wimbo mzuri, na ubaya wote uko hapo; angeweza kuudharau angepata nafuu.

Yeye na dada yake hawakugombana tena. Hukutana kwa mama, huulizana hali, huzungumzia magoti ya mama na dawa zake, mmoja hupika na mwingine huosha vyombo. Dada anaandika kitabu kingine. Nyuki alipata habari hizo kwa msusi wake, aliyezisikia redioni akamwuliza, huku akimvuta nywele, hicho kipya kinahusu nini. Nyuki alijibu kwamba bado ni siri ya familia, akafumba macho ili asusiwe bila maswali zaidi.