Bastola Iliyochaguliwa kwa Macho

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu, baba mkwe wangu mdogo hajawahi kunishika mkono. Simlaumu. Kwetu Gusii, mke wa mwana na wazee wa upande wa mume wametenganishwa na chinsoni, heshima ile inayokataza kugusana na kutaniana. Nikimpelekea chai naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Desturi hiyo nimeizoea, na kuna siku naipenda kwa sababu inaokoa maneno mengi. Lakini ndiyo iliyonifanya nimiliki bastola nisiyoweza kuitumia.

Mimi ni mpima ardhi. Nagawa mashamba ambayo yameshagawanywa mara mbili tatu kabla yangu, hadi mtu anabaki na safu chache za majani chai na migomba mitano. Mwaka juzi nilikuwa Nyacheki, nimeinama napiga kigingi cha mpaka, wakati mwanamume mmoja aliyeona migomba yake miwili imeangukia upande wa ndugu yake alipokata mguu wa mashine yangu ya kupimia kwa panga. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mama, ukirudi hapa, mguu utakaofuata ni wako."

Mahakama iliyoamua kesi ya ndugu hao iliagiza nirudi kumaliza vigingi vinne vilivyobaki. Mara mbili niliahidiwa polisi wa kunisindikiza, na mara mbili nikaambiwa gari limeenda kazi nyingine. Ndipo nikaomba kibali cha bastola. Nilipimwa afya, nikahojiwa, na maafisa watatu tofauti wakaniuliza kama mume wangu anajua. Kibali kilipotoka nilionywa kitu kimoja: bastola nitakayochagua ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti, na kuibadilisha ni kuanza maombi upya.

Tulikaa kikao nyumbani kwa mume wangu, Nyamira. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili na hajawahi kushika hata manati. Baba mkwe mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu baba wa mume wangu, ni polisi mstaafu na mzee wa kanisa. Ikaamuliwa aende nami Nairobi kuchagua, bora tu safari isiguse Sabato. Hakuna aliyekumbuka chinsoni, hata mimi.

Dukani, muuzaji alituangalia sote wawili kisha akamwuliza mzee, "Ni ya mama huyu?"

"Ni ya mokamwana wangu," mzee alijibu, yaani mke wa mwanawe. "Tafuta ndogo. Mkono wa mwanamke."

Muuzaji akaweka juu ya kioo bastola ndogo yenye mpini wa zambarau. "Hii wanawake wanaipenda sana. Inaingia kwenye mkoba na mtu hajui."

"Mkoba wangu una nyundo," nikasema.

Muuzaji alicheka. Mzee alitazama ukuta.

Sikuwa nimeenda mikono mitupu. Mwalimu wa shabaha alikuwa amenieleza kwamba bastola ndogo na nyepesi ndiyo inayopiga teke zaidi, kwa kuwa haina uzito wa kumeza mshtuko, na kwamba mara nyingi springi yake ni ngumu kuvuta. Niliandika kwenye daftari langu la kazi: vidole vyote vikae kwenye mpini; niweze kuikoki mara kumi bila kupumzika. Niliijaribu ile ya zambarau. Kidole changu cha mwisho kilining'inia hewani. Kuikoki, ilikubali mara mbili, ya tatu ikaishia nusu.

"Mzee, si umrekebishe huo mkono," muuzaji akasema.

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Huyu siwezi kumgusa."

"Kwani mmekosana?"

"Ni mke wa mwanangu."

Niliomba ya ukubwa wa kati. Vidole vikakaa vyote. Niliikoki mara kumi nikihesabu kwa sauti, ili asikie hata kama haangalii.

"Mwambie hiyo ni ya askari," mzee akamwambia muuzaji. "Itamwangusha."

"Mwambie baba kwamba hii ndiyo inayonitosha."

"Mwambie nilishika bunduki kabla yeye hajazaliwa."

"Jamani," muuzaji akasema, "si mko chumba kimoja?"

Hapo ndipo nilipokosea, kwa kukubali. Kumbishia baba mkwe mbele ya mgeni ni jambo ambalo lingefika Nyamira kabla yangu, na lingekaa huko miaka. Nilitia sahihi karatasi za bastola ya zambarau. Mpaka leo nikikumbuka ile kalamu mkononi mwangu nasikia hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza ya mazoezi risasi ya tatu ilikwama. Nilihangaika kuivuta hadi kidole gumba kikachubuka. Mwalimu wa shabaha aliigeuza ile bastola mkononi mwake. "Nani alikuchagulia hii?"

"Mtu asiyeujua mkono wangu," nikajibu, na nilipojisikia nikisema hivyo nikaelewa. Alikuwa amekisia mkono ambao kwa miaka kumi na tisa amejitahidi kutoutazama. Hajui kwamba unabeba nyundo ya kilo nne tangu asubuhi hadi jioni.

Sikuweza kwenda kumwambia. Nilichukua karatasi ya kuchorea ramani, nikalaza kiganja, nikakichora pande zote. Niliandika urefu wa kila kidole kwa milimita, na pembeni nikachora mpini wa bastola kwa kipimo kilekile. Nikampa mke wa mzee ampelekee.

Karatasi ilirudi baada ya wiki moja. Nyuma yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika taarifa kituoni, mzee alikuwa ameandika: "Mkono ni mkubwa. Kosa ni langu. Aombe ya kati."

Niliomba. Maombi mapya yako mezani kwa mtu fulani na kila nikiuliza naambiwa nisubiri. Mahakama haisubiri; imetaka vigingi vinne kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo Jumatatu naenda Nyacheki bila silaha, maana ile ya zambarau siwezi kuitegemea. Mzee ametuma neno kwamba atakuja na rungu lake na atasimama ng'ambo ya shamba, umbali unaostahili. Nimemshukuru kupitia kwa mkewe. Afadhali angeniuliza dukani, hata kama ni kwa kumwambia muuzaji aniulize.