Mama Sinia Afungua Mdomo

Kwao alikuwa malkia wa jukwaa. Kila Jumamosi ukumbi ulifurika mpaka watu wakakalia madirisha, na watu wa kwao hawatazami mchezo kimya, ng'o! Mwizi akinyata jukwaani, wanamtonya mwenye nyumba. Mume akidanganya, wanamzomea. Mwigizaji asiyeweza kuwajibu papo hapo, bora akauze mitumba. Yeye aliwajibu kama anavyopumua.

Jumamosi moja waziri, aliyekaa mstari wa mbele, akapiga mwayo wa kufa mtu.

"Funga, baba!" akamwambia kutoka jukwaani. "Tumeshaona barabara yetu ilikopotelea!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Kesho yake ukumbi ukafungwa kwa ukarabati, ambao bado unaendelea, naye akavuka mpaka mbio na sanduku la vipodozi na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

Ugenini alipata kazi kwenye jumba kubwa la maigizo, viti vya mahameli, zulia la kuzamisha kifundo. Mwongozaji, bwana wa skafu hata kwenye joto la kuchemsha ubongo, alisikiliza lafudhi yake huku amekunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Dada, uso wako unaongea sana. Tuuache uongee peke yake."

Basi uso ukakabidhiwa sinia. Miaka sita! Alipeleka chai kwa majaji, kwa wajane, hata kwa wafalme ambao enzi zao majani ya chai yalikuwa hayajajulikana. Hakuwahi kupewa neno hata moja. Wenzake wakambandika jina: Mama Sinia.

Kila Jumapili mama yake alipiga simu.

"Wiki hii umesema nini jukwaani?"

"Nimeingiza chai, mama."

"Chai tena? Mwanangu, mimi nilizaa mdomo, miguu na mikono ikafuatia. Nataka niusikie kabla sijafa."

Ukaja mchezo mpya: tajiri anakata roho, warithi wamemzunguka. Jumamosi ya uzinduzi, tajiri yuko kwenye pumzi za mwisho, ukumbi kimya kama kaburi, Mama Sinia anaingia na chai. Mara bwana mmoja mstari wa mbele akakohoa kikohozi cha kutikisa taa.

Mdomo ukaondoka wenyewe.

"Pole, baba! Nikuletee na wewe, au tumsubiri huyu amalize kufa?"

Waigizaji wakaganda. Blanketi la marehemu mtarajiwa likaanza kutetemeka kwa kicheko.

"Sukari kidogo tu, mama!" bwana yule akajibu.

"Sukari wameshagawana warithi!"

Ukumbi ukalipuka.

Nyuma ya pazia, mwongozaji alikuwa amevua skafu. Hali ya hatari.

"Umeniulia mchezo!"

"Ulikuwa unakufa wenyewe, bosi. Mimi nimeupa chai."

"Vua aproni. Usikanyage hapa tena!"

Akaivua. Njia nzima alipanga namna ya kumwambia mama yake kwamba sasa hata sinia hana.

Asubuhi simu ikalia. Siyo mama, ni dada wa tiketi, anahema.

"Mama Sinia, uko wapi? Foleni imezunguka jengo! Wanauliza yule mama wa chai yupo?"

Simu ikanyakuliwa.

"Dada yangu," sauti ya mwongozaji, tamu kama asali, "ule ubunifu *wetu* wa jana... leo mchana utasema nini?"

"Nitajua wakikohoa. Na nakuja na mgeni."

Mchana alipoingia jukwaani, ukumbi mzima ukakohoa kama wodi ya kifua kikuu. Juu ya sinia, kando ya birika, simu yake ilikuwa wazi, spika imewashwa, mama yake yuko upande wa pili. Akafungua mdomo, na neno la kwanza likatoka jembamba kama la mwanafunzi.

Sinia likafoka, mpaka tajiri akafufuka kitandani:

"Paza sauti, mwanangu! Huku nyuma hatusikii!"